Maswali ya Wasomaji: Udongo Uliokunywa Oili

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na Ahero, na zote zinahusu udongo wa mahali palipotengenezwa magari: unavyochimbwa, unavyopimwa, na unakopelekwa ukishatolewa. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu limebeba mambo ambayo wenzake watatu nao watayahitaji, kwa hiyo nawaomba walisome pia.

Swali la kwanza

Mhariri mpendwa, pokea salamu zetu. Marehemu baba alituachia ploti si mbali na soko la Kibuye, ambayo kwa miaka mingi aliikodisha kwa mafundi wa magari. Mafundi wamehama, nasi ndugu tumekubaliana kujenga nyumba za kupangisha na kuchimba kisima. Udongo ni mweusi na unanuka oili, na pale betri zilipokuwa zikivunjwa hazioti hata nyasi. Kontrakta anasema tuondoe futi moja ya udongo wa juu, tujaze kifusi kipya, na mambo yataisha. Je, futi moja inatosha? Na ikiwa lazima tupime, tunapima nini, na nani anaruhusiwa kupima?
– Kifungua Mimba, Kisumu

Jibu

Ndugu Kifungua Mimba, poleni kwa kufiwa na mzee. Futi moja inaweza kuwa nyingi kupita kiasi mahali fulani na kidogo mno hatua tano kutoka hapo, na hakuna awezaye kulijua hilo kwa macho, hata awe kontrakta wa miaka thelathini.

Nianze na hesabu, maana ndiyo itakayowasaidia kuzungumza naye. Ikiwa ploti yenu ni ya futi hamsini kwa mia, kuondoa futi moja kila mahali ni kuchimba takriban mita za ujazo 140. Mita moja ya ujazo ya udongo uliobanana ina uzito wa karibu tani 1.7, kwa hiyo mtabeba tani 240 hivi, na lori la tani saba litakwenda na kurudi zaidi ya mara thelathini. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huenda ikawa udongo usio na kasoro yoyote. Tuseme sasa kwamba mmepima kwanza, na vipimo vimeonyesha madoa matatu, kila moja la mita 3 kwa 3 na kina cha mita moja na nusu: mtachimba mita za ujazo 40 tu, karibu tani 70, na lori lile lile litamaliza kazi kwa safari kumi. Kwa mpango wa kontrakta mngelipia safari zote zile, halafu mafuta yaliyozama chini ya futi moja yangebaki pale pale, yamefunikwa kwa kifusi kizuri na sakafu ya nyumba ya watu.

Kazi ya kwanza haihitaji jembe wala maabara. Watafuteni mafundi waliofanya kazi hapo, hasa wazee wao, mtembee nao kwenye ploti na kuchora ramani: oili ilimwagwa wapi, pipa la oili chafu lilisimama wapi, vipuri vilioshwa wapi na kwa kitu gani, betri zilivunjwa wapi, gari zilipakwa rangi wapi, na kama kuna tangi lolote lililofukiwa. Ramani hiyo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila kazi ya gereji huacha kitu chake ardhini na kila kitu husafiri kwa namna yake. Oili ya injini ni nzito, hunata kwenye chembe za udongo na kwa kawaida haishuki mbali isipokuwa imemwagwa mahali pamoja kwa miaka mingi. Dizeli hushuka zaidi. Petroli hushuka upesi kuliko zote. Sehemu yake hugeuka mvuke na sehemu huyeyuka majini, na humo ndimo ilimo benzini, ambayo inajulikana pasipo shaka kwamba husababisha saratani ya damu. Dawa za kuoshea vipuri zenye klorini ni nzito kuliko maji, kwa hiyo zikiyafikia maji ya ardhini hazielei kama dizeli bali huzama, na ni taabu kubwa kuzitafuta. Madini ya risasi ya betri, kinyume na hayo yote, hukaa karibu na uso wa ardhi kwa miongo na miongo, mahali hasa ambapo mtoto huchezea.

Oili chafu nayo isichukuliwe kuwa sawa na oili mpya iliyobadilika rangi. Joto la injini huongeza ndani yake hidrokaboni (kemikali zinazounda mafuta) zenye pete nyingi, ambazo baadhi yake husababisha saratani, na vyuma vinavyosagana huacha humo metali mbalimbali.

Liko jambo jingine linalohusu Kisumu hasa. Kama ploti yenu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, wa aina iliyo nyingi kuelekea uwanda wa Kano, basi mnajua jinsi unavyopasuka wakati wa kiangazi. Nyufa hizo ni njia. Oili inayomwagwa Februari huteremka kwenye ufa hadi chini, kisha mvua za Machi hufanya udongo uvimbe na ufa uzibe, na juu pakaonekana pasafi. Ndiyo maana katika udongo huo napendelea shimo dogo la majaribio kuliko tundu la kekee: shimoni unauona ukuta mzima, na mishipa myeusi ya mafuta inajitokeza wazi kati ya udongo safi, ilhali kekee inaweza kupita kando ya ufa kwa upana wa kiganja na isigundue chochote.

Mashimo hayo ya majaribio yachimbwe kwanza kwenye sehemu zote za ramani zinazoshukiwa, halafu machache yatawanywe kwenye sehemu zilizobaki, na moja lichimbwe mahali ambapo gari halijawahi kusimama, ili muwe na kipimo cha udongo wenu wa asili. Katika kila shimo sampuli ichukuliwe juu kabisa, kisha nusu mita, kisha mita moja, na kuendelea hadi muupate udongo ambao hauna rangi wala harufu ngeni, na hapo pia ichukuliwe sampuli, kwa maana pua si maabara. Pale betri zilipovunjwa chukueni hasa sentimita chache za juu.

Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Glavu zibadilishwe kila sampuli na kifaa kioshwe. Udongo wa kupimiwa mafuta uwekwe kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko unaobana, ijae hadi juu pasibaki nafasi ya hewa, kisha iingizwe mara moja kwenye sanduku la barafu lenye baridi ya nyuzi 4 hivi, iwekwe lebo yenye mahali, kina, tarehe na saa, na ifuatane na karatasi inayotiwa sahihi na kila mtu anayeipokea hadi maabara. Udongo unaoshukiwa kuwa na petroli usikorogwe wala kuchanganywa na wa shimo lingine, kwa sababu benzini itatoroka hewani na ripoti itasema hamna tatizo. Udongo wa kupimiwa risasi, kwa upande wake, hauharibiki kwa kuchanganywa wala kwa kukaa. Mfuko wa nailoni wa sokoni uliobebwa juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa ni sampuli iliyokwisha kufa, na fedha mtakazolipa maabara zitakuwa zimepotea.

Mwambieni mkuu wa maabara mnataka vipimo vipi, msimwachie achague. Ombeni jumla ya hidrokaboni za mafuta yote, ikigawanywa kwa ukubwa wa molekuli ili ijulikane ipi ni petroli, ipi ni dizeli na ipi ni oili. Ombeni benzini na wenzake watatu, yaani tolueni, ethilibenzini na zaileni. Ombeni hidrokaboni zenye pete nyingi pale oili chafu ilipomwagwa, viosheo vya klorini pale vipuri vilipooshwa, na risasi pamoja na kiwango cha asidi pale betri zilipovunjwa. Si kila shimo linahitaji vyote. Hapo ndipo ile ramani ya wazee wa gereji inapowaokolea fedha. Maabara iwe na ithibati ya KENAS, shirika la taifa linalothibitisha uwezo wa maabara, na msiishie kuutazama ukutani ule muhuri: ombeni kuonyeshwa kwamba ithibati yenyewe inahusu kipimo hicho hasa katika udongo, kwani maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji ya kunywa na isiwe nayo ya kupima mafuta ardhini. Kazi nzima isimamiwe na mtaalamu wa tathmini ya mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ofisi yake ya kaunti ijulishwe kabla ya mashine kuingia.

Ripoti ikija, msikubali sentensi inayosema tu kwamba udongo ni salama. Iseme umelinganishwa na kiwango gani, kwa matumizi gani ya ardhi. Ili mpate picha, Uholanzi huhesabu udongo kuwa umechafuka vibaya ukifika miligramu 5,000 za mafuta kwa kila kilo, au 530 za risasi. Marekani ilitumia miligramu 400 za risasi kwa udongo wa makazi tangu 1994, kisha Januari 2024 ikashusha kiwango cha uchunguzi hadi 200, kwa sababu hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara. Nyinyi mnajenga nyumba za familia, si ghala, kwa hiyo kiwango cha makazi ndicho chenu. Nchi yetu ina funzo lake la uchungu katika jambo hili: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliacha risasi kwenye udongo na kwenye damu ya wakazi, na fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyoamriwa na mahakama mwaka 2020 ilithibitishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024 tu, baada ya safari ndefu ya rufaa.

Sasa kuchimba kwenyewe. Fanyeni kazi hiyo Januari au Februari, kabla ya masika, kwani shimo likijaa maji ya mvua mtakuwa na tatizo la pili la kulipia, nalo ni maji machafu ambayo hayaruhusiwi kumwagwa mtaroni. Udongo mchafu na udongo safi usichanganywe hata kidogo; kila mmoja uwe na rundo lake, juu ya karatasi nene ya nailoni yenye kingo zilizoinuliwa, na ufunikwe kwa turubai kila jioni.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naiona kuwa moyo wa kazi nzima. Mashine ikishafika mahali panapoonekana pasafi, isimame, na shimo lenyewe lipimwe: sampuli moja angalau kutoka kila ukuta na moja kutoka sakafuni, zaidi kama shimo ni kubwa, na zote zichukuliwe pale panapoonekana pabaya zaidi wala si pale panapopendeza. Rundo lililotolewa linawaambia mlichoondoa. Kuta na sakafu ndizo zinazowaambia mlichobakiza, na wapangaji wenu wataishi juu ya hicho kilichobaki. Ukuta mmoja ukifeli, chimbeni zaidi upande huo peke yake, kisha pimeni tena. Shimo lizungushiwe uzio na libaki wazi hadi majibu yarudi, hata kama kontrakta analalamika kwamba mashine yake inalala, kwa sababu mkishafukia hamtakuwa na ushahidi wowote, na benki au mnunuzi wa kesho akiuliza mtalazimika kuchimba upya.

Udongo mchafu hauendi kwenye jaa la kawaida wala kwenye shimo la jirani. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, taka husafirishwa na mwenye leseni ya NEMA, ikiwa na hati inayoeleza imetoka wapi na imepokelewa wapi. Nakala ya hati hiyo ikae kwenye faili yenu pamoja na hati miliki. Udongo wenye dizeli peke yake unaweza kutibiwa, kama nitakavyoeleza mbele. Udongo wenye risasi hautibiki kwa bakteria, na kabla ya kuupokea, anayeutupa atataka kujua risasi hiyo hutoka kwa wingi gani udongo ukilowa: udongo hutikiswa kwa saa 18 katika maji yenye asidi kidogo, mara 20 ya uzito wake, na Marekani huuhesabu kuwa taka hatari maji hayo yakifika miligramu 5 za risasi kwa lita. Ukiifanya hesabu hiyo kinyumenyume utaona kwamba udongo wenye risasi isiyofika miligramu 100 kwa kilo hauwezi kufikisha kiwango hicho, kwa hiyo hauna haja ya kulipiwa jaribio hilo.

Kuhusu kisima, nawasihi muache. Katika sehemu nyingi za Kisumu maji ya ardhini hayako mbali, dizeli na petroli huelea juu ya maji hayo, na kiwango cha benzini ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Kuchemsha nako si dawa ya kutegemea, kwani hakuondoi risasi, na benzini inayotoka hubaki hewani mwa jikoni. Vuteni maji ya mfereji. Na kama majirani wana visima vifupi, pimeni na maji yao, hata kama hakuna anayewadai kufanya hivyo.

Mwisho, msisite kuutazama mkataba wa kukodisha. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inafuata kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa, na inaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake.

Swali la pili

Mhariri, mimi nina gereji Nakuru. Wiki iliyopita vibarua wangu walikuwa wakichimba shimo jipya la kukagulia magari. Walipofika kimo cha mtu, harufu ya petroli ilitoka kwa nguvu, na mmoja wao alipanda juu akiwa na kizunguzungu. Gereji yangu haiuzi petroli, ila kuna kituo cha mafuta upande wa juu. Je, tuache shimo lipigwe upepo siku mbili tatu kisha tuendelee?
– Mwenye Gereji, Nakuru

Jibu

Hapana, ndugu yangu. Mtu yeyote asiteremke tena kwenye shimo hilo, na leo hii lizungushiwe uzio. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo upepo unaopita juu hauutoi shimoni. Unakaa chini pale pale, unasukuma hewa njema, na unahitaji takriban asilimia 1.4 tu ya hewa ili ulipuke ukipata cheche. Simamisha kuchomelea vyuma, kukata kwa mashine ya kusaga, sigara, na hata kuwasha gari karibu na hapo. Kijana aliyepata kizunguzungu apelekwe hospitalini akaonwe, hata kama anasema amepona. Na waambie wafanyakazi wako wote maneno haya kwa ukali: mtu akizirai shimoni, asiteremke mwenzake kumtoa bila kifaa cha kupumulia na kamba, kwa sababu katika ajali za namna hii waokoaji hufa juu ya yule waliyemfuata.

Atakayeingia baadaye awe mtaalamu mwenye kipima gesi, naye asiingie oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 au mvuke ukiwa umepita sehemu ya kumi ya kiwango cha kulipuka. Kuta nazo zinahitaji kuinamishwa au kuegemezwa mbao. Sehemu kubwa ya Nakuru imelala juu ya majivu na mawe mepesi ya volkeno, udongo ambao husimama wima kwa siku moja na kuporomoka siku ya pili, na ambao hupitisha mafuta kwa wepesi. Ndiyo maana inawezekana kabisa petroli hiyo si yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakuwajibisha wewe mwajiri kwa watu walio shimoni hata kama mafuta ni ya mwingine.

Usimshutumu jirani kabla ya vipimo, wala usinyamaze kwa ujirani mwema. Toa taarifa kwa NEMA ya kaunti, na kwa kuwa kuna kituo cha mafuta karibu, kwa EPRA, inayosimamia vituo hivyo na yenye mamlaka ya kudai matangi yake yachunguzwe kama yanavuja. Ukiwa na mtaalamu, udongo wa kina mbalimbali utiwe kwenye mfuko uliofungwa, usubiri kidogo juani, kisha mvuke wake upimwe kwa mashine ya mkononi. Kipimo kikipanda kadiri mnavyoelekea upande wa kituo, mmeanza kupata jibu. Mashine hiyo ni nzuri kwa petroli, lakini oili ya injini karibu haiioni, kwa hiyo ikinyamaza kwenye upande wa kazi zako usiseme kwamba huko ni kusafi. Sampuli za maabara ndizo zitakazoamua. Petroli iliyovuja karibuni bado ina benzini na tolueni kwa wingi, ilhali ya zamani imekwisha kupoteza nyingi. Ikionekana ile risasi iliyokuwa ikichanganywa na petroli, mafuta hayo ni ya kabla ya Kenya kuachana nayo, mwanzoni mwa 2006.

Uharaka wako una sababu nyingine. Ziwa Nakuru, ambalo mwaka 1990 lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, halina mto unaotoka. Kinacholifikia hakiendi mbele.

Ukija kujenga shimo la kukagulia magari, lijengwe kwa zege lisilopenya, liwe na kidimbwi kidogo cha kukusanyia matone ambacho kinatolewa kwa pampu, na lisiunganishwe na mtaro wowote.

Swali la tatu

Nyumbani kwetu Ahero maji ya mafuriko huingia uani. Mwenye lori alinipa udongo wa bure wa kuinulia uwanja, akaniambia umetoka kwenye gereji iliyobomolewa mjini. Amekwisha kumwaga safari mbili. Una harufu kidogo. Nimpe nafasi ya kuleta zaidi?
– Mama wa Watatu, Ahero

Jibu

Mama, mkatalie, na huo uliokwisha kumwagwa usiusambaze. Mwombe hati ya usafirishaji wa taka. Akikosa kuionyesha, andika namba ya lori na upeleke habari kwa NEMA, kwa sababu mwenye kuutoa udongo huo gerejini alipaswa kulipia utupaji wake na badala yake ameukabidhi kwako. Ufunike rundo kwa turubai, chimba mfereji mdogo kuuzunguka, na uwazuie watoto na kuku. Kuku hudonoa udongo, na risasi wanayoimeza huingia kwenye mayai.

Unaweza kujaribu jambo moja mwenyewe ukiwa umevaa glavu: tia vijiko vichache vya udongo huo kwenye chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji nusu, tikisa, uache utulie. Utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ni dalili ya mafuta. Usipouona, hilo halisemi chochote kuhusu risasi, ambayo haina rangi, harufu wala utando, kwa hiyo rundo bado linahitaji kupimwa, sampuli zikichukuliwa ndani yake kutoka pande nyingi wala si juu peke yake. Mafuriko yakilikuta hapo, yatalichukua hadi mashamba ya mpunga, na hapo hautakuwa tena mzigo wako peke yako. Haraka yako iwe ya kuliondoa kabla ya masika.

Swali la nne

Mimi ni fundi kijana. Tajiri wetu amesikia habari za kupima udongo, naye anasema tutamwaga sabuni ya unga, tutie chokaa na vumbi la mbao, kisha tuchanganye na udongo safi ili vipimo vishuke. Je, inafaa? Na sisi tunaoshika betri kila siku tufanye nini?
– Fundi Kijana, Kisumu

Jibu

Mwanangu, sabuni haiharibu oili, huitawanya tu na kuisaidia kushuka chini zaidi. Vumbi la mbao ni zuri kwa oili iliyomwagika sasa hivi, maana huinyonya kabla haijazama, lakini likishanyonya ni taka kama oili yenyewe. Chokaa haili mafuta. Kuchanganya na udongo safi kunashusha namba kwenye karatasi huku mafuta yakibaki kilo kwa kilo, tena yakiwa yamechafua udongo mwingi zaidi.

Kinachofanya kazi kwa dizeli ni bakteria walio tayari udongoni, wakisaidiwa. Udongo hupangwa kwenye tuta juu ya karatasi isiyopenya, ukafunikwa, ukageuzwa mara kwa mara ili upate hewa, ukawekwa unyevu usiotiririka, na ukaongezewa naitrojeni na fosforasi, ambazo samadi au mbolea ya dukani inazo. Uwiano unaotumiwa sana ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Joto la Kisumu linawafaa sana viumbe hao. Hata hivyo kazi huchukua miezi, huhitaji idhini, na hupimwa mwanzo, katikati na mwisho. Oili nzito huliwa polepole sana, na risasi haiguswi kabisa.

La betri ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yako. Msizivunje hapo gerejini. Ziuzwe nzima kwa wanunuzi wenye leseni. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, usile wala kuvuta sigara mahali pa kazi kabla ya kunawa. Mwombeni tajiri awapeleke nyote mkapimwe risasi katika damu, kipimo ambacho huchukuliwa kutoka mshipa wa mkononi. Na kama una mtoto mdogo nyumbani, au mkeo ni mjamzito, nao wapimwe pamoja nawe.